Kisanduku kilichobaki wazi: mtoto wa mwaloni na kipimo cha kaswende ambacho hakikufanyika

Kisa hiki kinatoka kisiwa kimoja cha Ziwa Viktoria, upande wa Tanzania. Majina ya kisiwa, zahanati, hospitali na wahusika yameondolewa, na mambo machache ya kifamilia yamebadilishwa ili wasitambulike. Nimekiandika kwa ajili ya wakunga, matabibu na wale wanaosimamia huduma za afya ya uzazi na mtoto kwenye halmashauri. Nilikaa kwenye kikao cha mapitio kilichofuata, nikasoma kadi na madaftari yote yaliyohusika.

Tumezoea kupitia visa vya kina mama wasiofika kliniki. Huyu alifika. Alifika mara kadhaa, alirudi kila alipoambiwa arudi na mazingira yakamruhusu, akajifungulia zahanati. Mtoto wake bado alipata ugonjwa ambao sindano moja ya penisilini kwa mama wakati wa ujauzito ingetosha kuuzuia.

Usuli

Mama, tumwite Mama N., alikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo. Kazi yake ilikuwa kuanika dagaa kwenye mwalo, yaani ufukwe ambako mitumbwi hushusha samaki. Mwenza wake alikuwa mvuvi wa kibarua katika mitumbwi ya tajiri mmoja, na kama wavuvi wengi wa dagaa alihamahama kati ya kambi kufuata samaki. Huu ulikuwa ujauzito wa tatu. Mtoto wa kwanza alikuwa hai, karibu miaka minne. Wa pili alizaliwa mfu mimba ikiwa na miezi minane hivi, kambini, akazikwa siku hiyohiyo. Hakuna aliyechunguza sababu. Pale kambini ilisemwa kwamba alibeba ndoo nyingi mno za dagaa.

Zahanati iko upande wa pili wa kisiwa, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kama mvua haijanyesha. Ina watumishi wawili wa kitaaluma, na mara nyingi mmoja yuko nchi kavu kwa semina, kufuata mishahara au kupeleka ripoti. Kliniki ya wajawazito hufanyika Jumatano.

Hapa kuna jambo ambalo mtu wa mjini hawezi kulijua bila kuambiwa. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukikomaa, mitumbwi hupumzika kwa siku kadhaa. Wakati wa giza wanawake huamkia mwaloni alfajiri, wakapokea mzigo na kuuanika kabla jua halijapanda. Asiyefika hapati kitu siku hiyo, na mara nyingine nafasi yake hupewa mwingine. Kwa hiyo Jumatano moja haifanani na nyingine. Jumatano ya mbalamwezi ni siku ya kwenda kliniki. Jumatano ya giza inamgharimu mama chakula cha watoto.

Mtiririko wa matukio

Mama N. alikwenda zahanati kwa mara ya kwanza ujauzito ukiwa na miezi minne, peke yake. Aliambiwa arudi na mwenza, au kama mwenza hayupo alete barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Hakupimwa chochote, wala hakuandikwa popote. Safari hiyo haimo kwenye daftari lolote. Tumeijua kwa sababu yeye mwenyewe aliisimulia na muuguzi akaikumbuka.

Mwenza alikuwa kisiwa kingine. Mwenyekiti alikuwa msibani. Barua ilipatikana baada ya wiki kadhaa, na mbalamwezi iliyofuata akarudi. Sasa mimba ilikuwa na miezi sita, na hilo ndilo likaandikwa kuwa hudhurio la kwanza. Alipimwa uzito, shinikizo la damu na kimo cha tumbo, akapewa vidonge vya kuongeza damu, dawa ya SP ya kukinga malaria na chandarua. Alipimwa VVU, akakutwa hana. Kipimo cha kaswende hakikufanyika. Kipimo cha pamoja, kile kinachoonyesha VVU na kaswende kwa tone moja la damu, kilikuwa kimeisha. Kilichokuwepo ni cha VVU peke yake. Kwenye kadi, kisanduku cha kaswende kikaachwa wazi. Muuguzi akamwambia, “Vikija tutakupima, dada.”

Vikaja wiki hiyohiyo. Kwenye leja ya stoo tumekuta tarehe ya kupokelewa.

Hudhurio la pili lilikuwa mwezi mmoja na nusu baadaye. Vipimo vilikuwa kabatini, hatua chache kutoka alipokaa Mama N., na hakupimwa. Utaratibu wa zahanati, kama wa zahanati nyingi, ulikuwa kwamba vipimo vya damu ni vya hudhurio la kwanza. Mama wa marudio hupitia mezani: uzito, shinikizo, tumbo, mapigo ya mtoto, dawa, tarehe ya kurudi. Muuguzi alikuwa peke yake siku hiyo, foleni imefika nje, na hakuna kilichomlazimisha kutazama nyuma kwenye ukurasa wa vipimo.

Hudhurio la tatu lilikuwa hivyohivyo. La nne halikufanyika kwa sababu ziwa lilichafuka na njia ya miguu ilijaa maji.

Alijifungua zahanati alfajiri moja, mtoto wa kike, kilo 2.3, alilia mara moja. Mama alipimwa tena VVU leba, kwa kipimo cha VVU pekee kilichokuwa kwenye trei. Mtoto alipewa matone ya polio. Chanjo ya BCG, ya kukinga kifua kikuu, hakupewa: chupa moja ina dozi 20, na ikishachanganywa inapaswa kutupwa baada ya saa sita, kwa hiyo zahanati ilikuwa ikisubiri watoto wafikie idadi ndipo ifungue. Akaambiwa aje Jumatano. Jumatano ile ilikuwa ya giza.

Mtoto alipofikisha wiki tatu pua ziliziba, zikatoa kamasi zenye damu kidogo, akawa ananyonya kwa shida. Duka la dawa mwaloni liliuza dawa ya mafua. Wiki ya tano bibi yake aligundua kwamba mkono wa kulia hauchezi na mtoto analia akiguswa begani. Familia iliamini ameteguka wakati wa kuzaliwa au wakati wa kubebwa, akapelekwa kwa mama mmoja anayekanda viungo. Kulia kukazidi.

Wiki ya sita Mama N. alimpeleka mtoto kwenye chanjo. Muuguzi alipomvua nguo ampime uzito aliona mambo matatu kwa pamoja: mkono uliolegea, ngozi inayobanduka kwenye nyayo na viganja, na weupe wa midomo. Hakumpa chanjo ya siku hiyo; aliandika rufaa kwenda hospitali ya wilaya, nchi kavu.

Kufika huko kulichukua siku mbili. Mfumo wa usafiri wa dharura uliopo unahudumia wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, na mtoto huyu alikuwa ameshavuka siku 28, hivyo hakuhesabiwa. Nauli ya mtumbwi wa abiria kwa mama, bibi na mtoto ilikuwa zaidi ya alichokuwa nacho. Wanawake wa mwaloni walichangishana, kila mmoja kwa uwezo wake, wakamsindikiza hadi mtumbwini.

Maamuzi yaliyofanyika hospitali, na sababu zake

Tabibu aliyempokea alimwona mtoto wa wiki sita mwenye mkono usiochezeshwa, joto kidogo, upungufu wa damu na bandama iliyovimba. Aliwaza maambukizi ya mfupa au ya damu, akaanza ampisilini na jentamisini na kuagiza picha ya eksirei. Ulikuwa uamuzi sahihi kwa taarifa alizokuwa nazo. Mtoto mdogo namna hiyo hasubirishwi dawa.

Kisa kiligeuka jioni, wodini. Muuguzi wa zamu alikuwa akijaza historia, akauliza, “Mama, kadi yako ya ujauzito unayo?” Mama N. alikuwa nayo, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na ya mtoto. Muuguzi aliona VVU imejazwa, kaswende wazi. Akauliza habari za mimba zilizopita, akasikia kuhusu mtoto aliyezaliwa mfu. Akampigia tabibu simu.

Kipimo cha haraka kwa mama kilionyesha kaswende. Kipimo hicho peke yake hakitoshi kumhukumu mtoto, kwa kuwa kingamwili za mama huvuka kondo la nyuma na huweza kubaki kwenye damu ya mtoto zaidi ya mwaka. Tena kwa mtu mzima hubaki chanya hata baada ya kutibiwa. Maabara ikafanya RPR, kipimo cha damu kinachotoa kiwango cha kaswende, kwa mama na mtoto, na kiwango cha mtoto kikawa mara nne ya cha mama. Picha ya eksirei ilionyesha mabadiliko kwenye ncha za mifupa mirefu, mikono yote miwili na miguu. Mteguko ungekuwa upande mmoja. Maambukizi ya mfupa ya kawaida nayo mara nyingi hushika mfupa mmoja au miwili. Mkono ulilegea kwa maumivu. Mishipa ya fahamu ilikuwa mizima.

Palikuwa na maamuzi matatu ambayo yangeweza kwenda njia nyingine.

La kwanza ni dawa. Maabara haikuwa na uwezo wa kupima maji ya uti wa mgongo kwa kaswende, kwa hiyo haikujulikana kama ugonjwa umefika kwenye ubongo. Timu ikachagua benzilipenisilini kwa mshipa kwa siku 10, tiba inayofika huko, badala ya sindano moja ya penisilini ya muda mrefu ambayo ingemwezesha mama kurudi nyumbani siku ileile. Dawa ilikuwepo, na kwa mtoto wa chini ya miaka mitano haikulipiwa.

La pili lilikuwa kumbakiza mama wodini. Usiku wa kwanza wa penisilini mtoto alipanda joto kali. Hilo hutokea vimelea vinapokufa kwa wingi, na muuguzi alikuwa amemtahadharisha mama mapema. Bila maneno yale bibi angeondoka na mjukuu wake alfajiri, alisema hivyo mwenyewe. Siku ya nne mtoto alikuwa ameanza kunyonya vizuri na Mama N. akaomba ruhusa. Mtoto wake mkubwa alikuwa kwa jirani kambini, giza lilikuwa limeanza, na nafasi yake mwaloni ingechukuliwa. Tiba hii ikikatika kwa zaidi ya siku moja huanzwa upya, na wote walijua kwamba akivuka maji hatarudi kesho yake. Muuguzi kiongozi hakumkemea. Alikaa naye, akamsikiliza ni nini hasa kinachomvuta, kisha akamtafuta afisa ustawi wa jamii. Ustawi wa jamii ulipata chakula kwa mama na bibi. Simu ilipigwa kwa mwenyekiti wa kitongoji azungumze na tajiri kuhusu nafasi ya mwaloni, na kwa jirani kuhusu mtoto. Mambo haya hayamo kwenye mwongozo wowote wa tiba ya kaswende, na bila hayo siku 10 zisingetimia.

La tatu lilikuwa namna ya kumwambia. Kaswende ni neno linalovunja nyumba. Alielezwa faraghani, bibi akiwa nje, kwamba ana maambukizi ambayo yanaweza kukaa mwilini miaka bila dalili, kwamba hakuna awezaye kusema yalianzia kwa nani, na kwamba yanapona. Akaulizwa angependa mwenza aambiwe vipi. Alichagua aambiwe na tabibu wa kiume, yeye akiwepo. Mwenza alifika siku ya sita, akapimwa, akakutwa nayo. Kwa kuwa muda wa maambukizi haukujulikana, wote wawili walihitaji sindano tatu, moja kila wiki. Mtoto mkubwa alipimwa baadaye, hakuwa nayo.

Matokeo

Kufikia mwisho wa wiki ya kwanza mtoto alikuwa akiinua mkono. Pua zilifunguka. Alitoka baada ya siku 10 akiwa ameongezeka uzito, amepata BCG na chanjo za wiki ya sita. Mama alimaliza sindano zake tatu. Mwenza alipata ya kwanza hospitali na ya pili zahanati. Ya tatu ilichelewa kwa sababu alikuwa ziwani, na tulipokaa kwenye mapitio haikuwa imethibitishwa.

Kipimo cha miezi mitatu kilionyesha kiwango cha RPR cha mtoto kimeshuka vizuri. Cha miezi sita hakikufanyika kwa wakati: familia ilikuwa imehamia kambi ya wilaya nyingine. Muuguzi wa zahanati aliwatafuta kwa simu, akawaelekeza kituo cha karibu na kutuma taarifa huko.

Uchambuzi

Nianze na idadi, kwa sababu kuna wanaodhani kaswende ya kuzaliwa nayo ni ugonjwa wa vitabuni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 kulikuwa na visa karibu 700,000 duniani, na 390,000 kati yake viliishia kwenye matokeo mabaya, vikiwemo vifo 150,000 vya watoto tumboni na 70,000 vya watoto wachanga. Na sisi wa Kanda ya Ziwa tuna sababu ya pekee ya kulijua hili. Utafiti uliofanyika Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kwa kina mama ambao hawakupimwa, kaswende ilichangia asilimia 51 ya watoto waliozaliwa wafu. Robo ya kina mama wenye maambukizi ya kiwango cha juu damuni yasiyotibiwa walizaa mtoto mfu. Utafiti mwenza wake ukaonyesha kwamba dozi moja ya penisilini wakati wa ujauzito inamrudisha mama kwenye hatari ya kawaida. Ushahidi huo ulipatikana kwetu, kwa damu ya kina mama wa huku. Mtoto wa pili wa Mama N., aliyezikwa kambini na lawama za ndoo za dagaa, huenda naye alikuwa mmoja wao. Hatutajua.

Sasa, kwa nini kipimo cha VVU kilikuwepo na cha kaswende hakikuwepo? VVU ina wafadhili wake, mnyororo wake wa ugavi, ripoti zake za kila mwezi na mtu anayepiga simu ripoti ikichelewa. Nisieleweke vibaya: mfumo huo umeokoa watoto wengi na sitaki upunguzwe hata kidogo. Ila kaswende haikuwa na mtu wa kupiga simu. Kipimo cha pamoja kilibuniwa kuziba pengo hilo, na Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2019 kitumike kama kipimo cha kwanza kwa wajawazito. Kinapoisha, zahanati hurudi kwenye cha VVU pekee, takwimu za VVU zinabaki safi, na hakuna king'ora kinacholia kokote. Penisilini nayo ina historia yake: kati ya 2014 na 2016, nchi 39 kati ya 95 zilizoulizwa ziliripoti upungufu wa benzathini penisilini, ile sindano ya muda mrefu. Ni dawa ya bei nafuu mno, na bei nafuu ni sababu mojawapo ya viwanda vichache kujali kuitengeneza.

Lakini upungufu wa vipimo ulikuwa wa siku chache tu. Hapo ndipo kikao chetu kilitumia muda mwingi. Vipimo vilifika wiki ileile, na Mama N. akapita mbele ya kabati mara mbili kabla ya kujifungua na mara moja akiwa leba. Kilichomkosesha ni kanuni isiyoandikwa kwamba damu hupimwa hudhurio la kwanza. Kanuni hiyo haimdhuru kila mtu sawa. Mama wa mjini akiambiwa vipimo vimeisha, hutembea hadi maabara ya mtaani, au hurudi keshokutwa kwa bodaboda. Upungufu uleule, kwa siku zilezile, unamkuta mwanamke wa kambini ambaye “rudi wiki ijayo” kwake ni mwezi mzima. Mfumo ulimtendea kana kwamba ana Jumatano nne kila mwezi, naye alikuwa na moja, pengine mbili. Ninaposikia kwamba huduma za mama na mtoto ni bure kwa wote, nakubali, na kwa Mama N. dawa kweli ilikuwa bure. Alilipia njia, alilipia siku, na alilipia barua ya mwenyekiti kwa wiki zake za ujauzito.

Barua hiyo inahitaji maneno yake. Lengo la kumtaka mwenza ni jema: wote wapimwe, wote watibiwe. Hakuna mwongozo unaosema mama asiye na mwenza arudishwe bila huduma. Vituoni, hata hivyo, lengo limegeuka sharti, na sharti limegeuka mlango uliofungwa kwa wale ambao wanaume wao wako ziwani, machimboni, jela, au hawapo kabisa. Kwa kaswende hasara inahesabika. Mama akitibiwa mapema mtoto huwa salama zaidi, na tiba inayotolewa chini ya siku 30 kabla ya kujifungua haihesabiwi kuwa imemkinga mtoto. Tuliporudisha nyuma mafundo ya kisa hiki, safari ile ya mwezi wa nne ndiyo ilikuwa nafasi bora kuliko zote. Haikuandikwa hata mstari mmoja.

Kuna suala la tunachokihesabu. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 24 tu ya wajawazito Tanzania walianza kliniki ndani ya miezi mitatu ya kwanza, na asilimia 51 walifikisha mahudhurio manne. Tumepanda tangu hapo, na tunafurahia, kwa haki. Lakini hudhurio huhesabiwa mama anapokanyaga kizingiti. Mama N. yumo kwenye takwimu nzuri kila mahali: amehudhuria, amepimwa VVU, amejifungulia kituoni na mhudumu mwenye ujuzi. Ukisoma ripoti ya robo mwaka huoni mtoto wake.

Chupa ya BCG ni mfano mwingine wa ugonjwa uleule. Ni kweli kwamba kufungua dozi 20 kwa mtoto mmoja kunauma moyo wa mtu aliyefundishwa kutunza mali ya serikali. Upotevu wa namna hiyo, hata hivyo, umeshawekwa kwenye hesabu ya mahitaji ya chanjo, na anayesubirishwa siku zote ni mtoto wa kituo kidogo, maana kituo kikubwa hufikisha idadi kila siku. Kama BCG ingetolewa kabla mama hajaruhusiwa, isingemponya kaswende. Lakini kama angeitwa na kufika wiki ya kwanza au ya tatu kwa sababu nyingine yoyote yenye maana, pengine pua zile zingeonwa na muuguzi badala ya duka la dawa.

Yaliyofanya kazi nayataja kwa majina ya kazi zao kwa sababu yanastahili kuigwa. Muuguzi wa zahanati alimvua mtoto nguo kabla ya kumpima. Foleni ikiwa ndefu wengi humpima mtoto na nguo zake, na nyayo zile zisingeonekana. Muuguzi wa wodi aliomba kadi ya mama kwa ajili ya ugonjwa wa mtoto. Wodi nyingi za watoto huangalia kadi ya mtoto tu, na maisha ya miezi tisa ya kwanza yanabaki mfukoni mwa mama. Na Mama N. alizitunza kadi zote mbili zisilowe, kwenye nyumba ya makuti na mabati kando ya ziwa.

Kilichobadilishwa

Kikao kilikubaliana mambo machache ambayo zahanati ingeweza kuyafanya bila kusubiri bajeti. Damu ya mjamzito hupimwa hudhurio lolote ambalo kisanduku kiko wazi, ikiwemo leba na kabla ya kuruhusiwa. Vipimo vikiisha, jina la mama linaingia kwenye orodha iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati la vipimo, ili anayefungua kabati alione. Na namba ya simu, yake au ya jirani, inaandikwa pembeni. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii hupewa orodha hiyo. Historia ya mtoto mfu ni sababu ya kupima siku hiyohiyo au kumpeleka mama panapopimika. Mwanamke anayekuja peke yake anahudumiwa, na mwaliko wa mwenza unaandikwa akiwa ameshapimwa.

Huduma ya mkoba, ambapo wauguzi huwafuata watu walipo, kwenye mwalo sasa hupangwa kwa mwezi wa angani, siku ambazo mitumbwi imepumzika, na wavuvi wenyewe huwapata wauguzi hapo kwa sindano zao. Hili lilipendekezwa na mwenyekiti wa mwalo, na lilipokelewa kwa mashaka na baadhi yetu kwa sababu fomu za mpango wa mwaka hutaka tarehe za kudumu. Tulichukua kalenda na kuandika tarehe za mbalamwezi za mwaka mzima. Fomu zikajaa.

Miezi michache baadaye orodha ya mlangoni ilikuwa imewarudisha kina mama kadhaa, na baadhi yao walikutwa na maambukizi wakatibiwa kabla ya kujifungua. Mambo mawili hayajatatuliwa. Mtoto aliyevuka siku 28 bado anategemea mchango wa majirani kuvuka maji kwenda kwenye rufaa. Na familia zinazohama wilaya hadi wilaya bado zinafuatiliwa kwa simu binafsi ya muuguzi, kwa salio lake mwenyewe. Ombi la kuwekewa salio la kituo limo kwenye mpango wa mwaka ujao wa halmashauri.